Isimbi Kama Alivyosimuliwa na Drocella

Gisenyi, Jumatano jioni

Dada yangu Mukundwa,

Kabla hujafika mstari wa tatu, nakuomba usimame ufunge mlango. Barua hii ni yako peke yako. Usiisome mbele ya binti yako Umutesi, ingawa najua sasa ni msichana mkubwa, wala usimsimulie jirani, hata yule unayemwamini. Usiifiche ndani ya Biblia, maana hapo ndipo kila mtu hutafuta kwanza. Ukiimaliza itie motoni. Ile kadi ndogo ya simu niliyoifunga kwenye karatasi ya peremende usiichome. Iweke mahali pakavu, nami nitakueleza ni ya nini. Neno moja la barua hii likirudi upande huu wa mpaka kabla ya wakati wake, kazi yangu imekwisha, na pengine nitaitwa kujieleza mahali ambapo sijawahi kuitwa.

Baada ya ombi hilo, nakusalimu kwa moyo wote. U mzima? Kile kikohozi cha Umutesi kilichokuwa kikimsumbua wakati wa mvua kimekwisha? Nasikia unashona mapazia sasa, na kwamba cherehani ni yako mwenyewe. Nilifurahi sana, ingawa habari hiyo niliipata kwa watu baki. Mama hajambo ila magoti. Hakutaji kwa jina, lakini mawingu yakiwa mazito upande wa Goma husimama mlangoni na kusema kule kwa watu nguo hazitakauka leo. Mimi huitikia kwamba ni kweli. Hayo ndiyo mazungumzo yetu juu yako. Kutoka dirisha la ofisi naona mabati ya mji wako. Ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu, na imekuwa miaka kumi na mmoja tangu uvuke.

Sijui kama ulipata habari kwamba tangu mwaka jana mimi ni karani wa chama kinachokusanya hadithi za kale za kando ya ziwa. Ni zile za maajabu, za wafalme wanaoishi majini na mazimwi yenye njaa, na zitakuwa kitabu cha Kiswahili cha shule. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la fundi nguo. Kazi ina utaratibu wake. Msimulizi anakuja, namrekodi kwa simu ya ofisi, naandika. Mwalimu Valens, mwenyekiti wetu, anasahihisha kwa penseli. Kisha namwita msimulizi nimsomee kilichoandikwa tangu mwanzo hadi mwisho, na akiridhika anaweka sahihi au kidole gumba kwenye fomu. Bila kidole hicho hadithi haiingii kitabuni. Mwalimu aliubuni utaratibu huo mwenyewe na anaupenda sana. Husema msimulizi asiposomewa hadithi yake ameibiwa.

Tunazo hadithi kumi na tisa. Nilipokuwa nazichapa nilianza kufanya jambo ambalo hakuna aliyenituma: niliweka alama ndogo pembeni kila mwanamke anapofungua kinywa. Alama hazikujaza hata ukurasa. Kuna binti aliyefungiwa ndani ya ghala la mtama, anayetoka mwishoni ili aolewe na yule aliyelivunja. Kuna bibi kizee mla watoto. Huyo anasema sana, lakini anachomwa moto. Kuna mama wa shujaa, ambaye analia mwana anapoondoka na kupiga vigelegele anaporudi, na katikati hatujui hata alikula nini. Binti wa mfalme yumo katika hadithi kumi na moja, na katika zote kumi na moja hana jina. Ng'ombe wana majina.

Nilikukumbuka wewe. Unakumbuka kile kitabu kisicho na jalada tulichopewa na masista kule Karagwe, cha joka na mnara na kijana mwenye upanga? Ulinisomea hadi kurasa zikaachana. Tulipokicheza uani, watoto wa jirani walipokezana upanga, na wewe ulikuwa joka. Ulikataa katakata kuwa binti wa mnarani. Ulisema huyo hana kazi yoyote, kwa hiyo apewe Ikirezi, maana ni mdogo. Mnara ulikuwa beseni lililopinduliwa. Nilikaa juu yake nikingoja kuokolewa, na nilikaa vizuri sana. Mara nyingine mlikwenda kuteka maji mkanisahau hapo.

Mwezi wa nne akaja ofisini Mama Drocella wa Nyamyumba. Najua jina hilo huwezi kulisikia. Nakuomba usiache kusoma. Ni yeye yule muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, wa pale kwenye chemchemi ya maji ya moto, uliyemnyooshea kidole mbele ya wazee ukasema amekuuza kwa Gakwaya mwenye mitumbwi kwa kikapu cha samaki. Amezeeka sana. Sokoni bado wanamwita Mama Kikapu, na wasichana wanaolitamka jina hilo kwa kicheko hawajui hata lilianzia wapi. Yeye huitika. Alipanda ngazi zetu akipumzika kila hatua ya tatu, akakaa, akaitazama simu niliyomwekea mbele, akaniuliza kama hiyo mashine imekula, maana yeye hamsimulii mwenye njaa.

Alisimulia habari ya mfalme aishiye chini ya ziwa, ambaye samaki wanapoadimika hutaka apewe msichana. Hadithi hiyo tulikwisha kuipata kwa wazee wawili wanaume, na kwao ni fupi: msichana anapelekwa, kijana aitwaye Manzi anazama na mkuki, anamrudisha, anapewa awe mkewe. Kwa Mama Drocella msichana ana jina, Isimbi. Akisikia kwamba amechaguliwa anajificha kwenye mafunjo. Watu waliotumwa wanamtafuta siku mbili hawamwoni. Siku ya tatu wanamkuta mdogo wake njiani amebeba chakula, wanamuuliza dada yako yuko wapi. Mtoto hasemi neno. Anainua kidevu kuelekea mafunjoni.

Isimbi anakaa chini ya maji miaka saba akimpikia yule mfalme. Hakuna Manzi. Mwaka wa kwanza anangoja mtu, wa pili anangoja, wa tatu anaacha kungoja na kuanza kutazama jinsi moto wa pale chini unavyolala na kuamka. Mwaka wa saba anaiba makaa yote chini ya chungu, anayafunga kwenye nguo yake, anapanda nayo juu yakimuunguza tumbo, na pale alipoyatua ndipo maji ya Nyamyumba yanapochemka hadi leo. Anafika kwao akiwa na makovu. Mama yake mzazi anamuuliza, mgeni unatoka wapi. Mdogo wake peke yake ndiye anayemtambua, naye sasa ni mtu mzima. Anamletea maji ya moto katika beseni, anamwosha miguu, kisha anasema, dada, ni mimi niliyeinua kidevu.

Mama Drocella aliishia hapo. Nikamuuliza Isimbi alijibu nini. Akasema, “Mi sijue, mutoto. Ile jibu haiko yangu. Iko ya Isimbi.” Akaomba maji ya kunywa.

Mwalimu Valens alipoisoma alicheka hadi akavua miwani. Aliwaambia wajumbe kwamba msichana anayepika miaka saba bila mtu wa kumsaidia si hadithi ya maajabu, hiyo ni nyumbani kwake. Wajumbe wakacheka, na mimi niliyekuwa nagawa chai nikacheka pia. Kisha akawa na uso wa kazi. Alisema kitabu cha maajabu kinataka shujaa, na kwamba binti akijiokoa mwenyewe yule mvulana anayesoma darasani atasimama wapi. Mjumbe mmoja alidokeza kwamba wasichana nao husoma. Mwalimu akamjibu kwamba ndiyo, na wao watafurahi kuona binti ameokolewa. Akaniagiza nimrudishe Manzi na mkuki wake, makaa ayabebe yeye, na jina la Isimbi liondolewe ili hadithi ilingane na nyingine. Nilikuwa na maneno ya kusema. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, pamoja na hesabu ya zile alama zangu za pembeni. Nilisema, ndiyo, Mwalimu.

Usimchukie. Si mtu mbaya. Alinipa kazi hii wakati ambapo vyeti vyangu vilikuwa vimezunguka ofisi zote za mji huu vikichakaa kingo, na mama akiugua huniuliza hali yake. Lakini namwogopa kama nilivyowaogopa walimu wote, na nadhani anajua.

Siku ya kumsomea Mama Drocella, fomu ikiwa mezani na kidau cha wino kimefunguliwa, niliona sitaweza kumtazama usoni nikimsomea habari za Manzi. Kwa hiyo nilimsomea yake, ile ya kwanza, neno kwa neno. Alisikiliza amefumba macho. Kisha nikamwekea mbele fomu iliyobanwa kwenye ile nyingine, ya Manzi. Hajui kusoma, hakuwa na njia ya kujua. Kabla hajaweka kidole aliniambia, “We unasoma muzuri. Lakini pale pa ule mutoto unapita mbio-mbio. Juu ya nini?” Nikasema koo lilinikauka. “Bon, haya,” akasema, akabonyeza kidole chake kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Aliposhuka ngazi nilimsikia akikohoa hadi chini, na yule fundi nguo akimwuliza kama amtafutie pikipiki.

Faili la kitabu linakwenda Kigali kwa mchapaji keshokutwa, Ijumaa. Mwalimu ameagiza sauti zote zifutwe kwenye simu ya ofisi, ili kusije kukatokea ubishi wa hadithi mbili. Nimezifuta. Ya Mama Drocella niliinakili kwanza kwenye hiyo kadi uliyonayo. Hakuna nyingine popote.

Hadi hapa, dada, utaona kwamba mwenyekiti ndiye aliyeiharibu hadithi na mimi nilikuwa mkono wake tu. Nilitaka barua iishie hapo. Nimeiandika mara mbili ikaishia hapo, na mara zote mbili nimeichana.

Mwalimu hakumwondoa yule mtoto. Pembeni ya mistari yake aliandika kwa penseli: huyu mdogo abaki, ni mzuri kuliko wote. Niliyafuta maneno hayo kwa raba, kisha nikamfuta na mtoto. Katika kitabu kinachokwenda Kigali, watu waliotumwa wanamwona binti wenyewe, kwa bahati tu. Mwalimu hajagundua. Alipopitia mara ya pili alikuwa akiukagua mkuki.

Na wale wazee wawili hawakuwa na mtoto huyo. Nimeuliza Nyamyumba nzima, nimemuuliza hata bibi mmoja wa Kanzenze anayezijua zote, na hakuna aliyewahi kumsikia. Mama Drocella amemtia mwenyewe. Alipanda ngazi zile, na kifua chake kile, ili amtie, mbele yangu, ndani ya mashine.

Mukundwa, siku ile ulipojificha kwenye maji ya moto kati ya wanawake wanaooga, mama alinituma nikuletee viazi. Njiani nilikutana na vijana wanne wa mitumbwi ya Gakwaya. Walikuja kwa kile wanachokiita guterura: msichana anabebwa kwa nguvu, kisha wazee wanakaa kupatana kana kwamba ni harusi. Neno lenyewe sikulijua. Lakini nilijua umejificha, na nilijua unawakimbia wao. Sitasema kwamba nilikuwa mtoto nisiyeelewa. Mmoja wao aliinama akaniuliza kwa adabu, “Dada yako yuko wapi, mama?” Wote wanne wakasimama kimya wakanitazama. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunitazama hivyo. Katika michezo yetu yote mimi nilikuwa wa kukaa kwenye beseni nikingoja; siku ile watu wazima wanne walikuwa wakiningoja mimi. Nikainua kidevu. Mama Drocella alikuwa ameketi na kikapu chake hatua kumi kutoka pale, na macho yetu yalikutana. Halafu nikasikia ukipiga kelele, na viazi nilikuwa bado nimevishika.

Siku ya tatu wazee walipokutana, kila mtu wa nyumbani aliulizwa ni nani aliyesema. Mimi nilisema sikusema neno, na ilikuwa kweli. Nimeishi ndani ya ukweli huo miaka kumi na minne. Wewe ulimtaja yeye, kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu Gakwaya alikuwa akimuuzia samaki. Yeye alinitazama mimi tena, nilivyokuwa nimeshika kanga ya mama, nina miaka kumi. Angeweza kunitaja. Aliinama akachukua kikapu chake akaondoka, na tangu siku hiyo kikapu ndicho jina lake.

Sasa unaelewa kwa nini sijawahi kuvuka hata kumwona Umutesi. Nilikuwa nawaambia watu kwamba naogopa mpaka.

Kesho saa tatu asubuhi nitamwambia Mwalimu Valens kwamba kidole kile kiliwekwa kwenye hadithi isiyosomwa. Kwa utaratibu wake mwenyewe haiwezi kuchapwa hivyo ilivyo. Atanifukuza, hilo sina shaka nalo. Anaweza pia kunipeleka mbele ya watu wa sheria kwa kughushi, na atakuwa na haki. Nikikosa ujasiri, hadithi itatoka na Manzi wake, na Mama Drocella, ambaye hana simu wala karatasi wala muda mrefu, atakuwa amebeba jambo langu bure hadi kaburini. Ingekuwa rahisi kumrudisha Isimbi peke yake. Lakini bila mtoto yule hadithi si yake. Na siwezi kumrudisha mtoto kwenye kitabu ambacho siku moja kitavuka mpaka na kufika mikononi mwako, kabla sijakuambia mwenyewe ni nani.

Sikuombi unisamehe. Ningeomba, ningekuwa nakupa kazi nyingine juu ya zile ulizokwisha kufanya. Sikiliza tu hiyo kadi. Mwishoni kuna sauti ndogo inayouliza Isimbi alijibu nini. Ni yangu. Nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara naisikia inavyoharakisha.

Msalimie Umutesi bila kumwambia salamu zimetoka wapi. Salimia cherehani yako. Mama, kama angejua naandika, angesema uvae nguo nzito.

Mimi mdogo wako,
Ikirezi

Namna ya kunipata: usipige namba ya ofisi, hupokelewa na Mwalimu, na baada ya kesho huenda hata jina langu lisijulikane pale. Simu yangu mama huijibu nikiwa nimeiacha. Mwanamke aliyekuletea barua hii anaitwa Mbabazi. Huvusha nyanya kila asubuhi pale kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière na kurudi kabla ya saa tisa. Ni mrefu, hajui kusoma, na hana tabia ya kuuliza. Ukimpa karatasi tupu ataileta, nami nitaelewa kwamba umesoma. Jumapili hii, baada ya misa ya kwanza, nitakuwa Nyamyumba, upande wanakooga wanawake. Mama Drocella atakuwepo. Nitakuwa nimekwisha kumsomea ile aliyowekea kidole. Nitakuwa na beseni, nitakaa hadi jua lipungue, na Jumapili inayofuata nitarudi tena. Pikipiki itakushusha barabarani. Shuka na kinjia kwa miguu. Mahali pamejengwajengwa siku hizi, unaweza usipatambue. Usihangaike. Muulize mtoto yeyote utakayemkuta njiani mimi niko wapi. Hatasema neno. Atakuonyesha kwa kidevu.